Kukaa Kimya Kati ya Tarehe Saba na Tarehe Ishirini

Mwezi wangu una tarehe mbili tu. Tarehe 7 ni PAYE na SDL, yaani kodi ya mishahara na tozo ya kuendeleza ujuzi, tarehe 20 ni ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Siku zinazobaki ni za kujiandaa na hizo mbili au kupona baada ya hizo mbili. Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar es Salaam, na kampuni ikiwa ndogo maana yake mhasibu ni mmoja. Mishahara naandaa mimi, risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, nakagua mimi, na dereva akikwama getini kwa sababu malipo hayajasomeka kwenye mfumo, simu inayolia ni yangu. Naishi Kimara. Nina watoto watatu, mume mmoja, na dada wa kazi ambaye Jumamosi mchana anaondoka na kuniachia nyumba kama alivyoikuta.

Nayasema haya mapema ili usije ukadhani naandika nikiwa ufukweni Zanzibar, nguo nyeupe, upepo wa bahari unanipepea. Picha za namna hiyo ndizo zilizonifanya kwa miaka mingi niamini mambo ya kutafakari ni ya watu wenye nafasi, wale ambao mtu mwingine anawafulia. Leo nakaa kimya dakika kumi kila asubuhi, kwenye kachumba ambako pia kunakaa meza ya kupigia pasi, kapu la nguo chafu na baiskeli ya mtoto isiyo na breki. Mashoga zangu wa ofisini wakisikia wananiuliza swali moja tu: wewe, pamoja na kazi ile, muda unautoa wapi? Nimejibu kwa vipande vipande kwenye foleni ya chakula mpaka nimechoka. Jibu zima ni hili.

Aliyenisukuma ni daktari. Nilikwenda kwake kwa sababu ya kichwa ambacho kilikuwa kinanigonga upande wa nyuma kila ikikaribia katikati ya mwezi, nikidhani ni macho na nitapewa miwani. Akafunga mashine ya presha, ikasoma 150 kwa 96. Akahamia mkono wa pili, ikasoma hivyohivyo. Akaandika dawa, akazungumzia chumvi, akazungumzia kutembea, kisha akaweka kalamu chini. "Mama, kwa siku nzima kuna muda wowote ambao hufanyi kitu?" Nikamwambia upo, nikilala. Akacheka, akasema hata huko ana wasiwasi napiga hesabu. Hakukosea, maana huwa naota namba, na ubaya wake ni kwamba ndotoni hazijumliki. Akanishauri nitafute dakika chache kila siku nikae nifuatilie pumzi yangu, na akakazia kwamba hizo dakika haziondoi dawa hata moja kwenye karatasi.

Sasa mhasibu ukimwambia jambo anaomba kielelezo. Nilirudi nyumbani nikaanza kutafuta. Nikakuta uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 kwenye jarida la JAMA Internal Medicine, ambao ulikusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Ulichokiona ni kwamba mafunzo ya kutafakari yanapunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani, na kwamba hakuna ushahidi kuwa yanashinda dawa au mazoezi ya mwili. Nikakuta pia tamko la mwaka 2017 la Chama cha Moyo cha Marekani: kutafakari kunaweza kusaidia kupunguza hatari ya magonjwa ya moyo, lakini kuwe nyongeza juu ya matibabu ya kawaida, na utafiti zaidi unahitajika. Kwa lugha ya ofisini kwetu, mali ipo, thamani yake ni ya wastani, usiikopee benki. Hilo lilinitosha. Angenijia mtu na ahadi ya kubadilisha maisha yangu kwa siku saba ningemkimbia, maana wanaoahidi faida kubwa kwa siku chache tunawajua, na wengine tuliwapa pesa zetu.

Lakini kilichonivuta kabisa kilikuwa kumkuta humo mhasibu mwenzangu. Anaitwa U Ba Khin, mtu wa Burma, nchi ambayo sasa inaitwa Myanmar. Alizaliwa Rangoon mwaka 1899, akaanza ukarani kwenye ofisi ya hesabu za serikali, akapanda ngazi moja moja kama sisi wote tunavyopanda. Mwaka 1937, akiwa na kazi na familia, alifundishwa kufuatilia pumzi na mwalimu aliyekuwa mkulima. Burma ilipopata uhuru Januari 1948, yeye ndiye akawa Mhasibu Mkuu wa serikali mpya. Fikiria uzito wa kiti hicho, nchi imetoka vitani, wakoloni wameondoka juzi, na vitabu vya hesabu vya nchi nzima viko mezani kwako. Mtu huyo alianzisha mafunzo ya kutafakari palepale ofisini kwa watumishi wake, na mwaka 1952 akafungua kituo mjini Rangoon huku akiendelea na utumishi, tena kuna wakati aliongoza zaidi ya idara moja kwa mpigo. Alifariki mwaka 1971.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Burma, S. N. Goenka, ambaye alimfuata mwaka 1955 akiwa na kipandauso cha kutisha. U Ba Khin akamkatalia kwanza. Akamwambia, kama umekuja kutibu kichwa, hapa siyo mahali pake. Nilipenda sana ukali huo. Baadaye Goenka aliipeleka njia ile India mwaka 1969, na kutoka huko ikasambaa duniani kwa kozi za siku kumi ambazo mtu haongei na hashiki simu. Nimeshapiga hesabu. Kozi hiyo ukiweka siku ya kufika na siku ya kuondoka inakula siku kumi na mbili, na kati ya tarehe 8 na tarehe 19, zote zikiwemo, siku ni kumi na mbili kamili. Nilipomwonyesha mume wangu akaniuliza nauli na siku za njiani nimeziweka kwenye akaunti gani.

Kwa hiyo siku kumi sina. Dakika kumi ninazo, na sababu ya kuzitaka kila siku badala ya kulundika saa nzima Jumapili inatoka kwenye kazi yangu mwenyewe. Kila mhasibu anajua usuluhisho wa kibenki. Una daftari lako la fedha, una taarifa ya benki, unaviweka pamoja kuona wapi havikubaliani. Ukifanya kila siku, tofauti ni mbili tatu: hundi ambayo haijapita, makato ya benki ambayo hukuyaandika, basi, unarekebisha unakunywa chai. Ukiacha mpaka mkaguzi apige simu, unakuta miamala ya miezi minane ambayo hakuna anayekumbuka nani alilipwa na kwa ajili ya nini, na usiku huo hulali. Kichwa changu ndivyo kilivyokuwa. Neno alilonijibu bosi Jumatatu, sura ya mtoto niliyemfokea Jumanne, ujumbe wa kaka kuhusu shamba la marehemu baba, vyote vimeingia na hakuna aliyevipitia. Ninapokaa asubuhi sitatui chochote kati ya hivyo. Naona tu kwamba vipo. Taarifa ya benki nayo huibadilishi ili ikufurahishe, unaisoma ilivyo.

Sasa muda.

Watu wengi wanafikiria usiku, watoto wakilala. Kwangu usiku ni uongo. Nikifumba macho saa nne usiku, ninachofanya kinaitwa kusinzia, na shingo inanikumbusha kesho yake. Mchana ofisini mlango haufungwi, na hata ukifungwa, wale vijana wetu wa bandarini hawabishi hodi, wanaingia wakiwa katikati ya sentensi. Kuna aliyenishauri nitumie mwendokasi, kwamba kutoka Kimara mpaka Posta ya Zamani ni muda wa kutosha. Anayetoa ushauri huo ana gari lake. Kufumba macho ndani ya basi la saa kumi na mbili asubuhi, umesimama, mkoba begani, ni sawa na kumwambia mwizi karibu ndugu yangu. Macho wazi, mkoba kifuani, pumzi kadhaa unaweza kuzihesabu kama umepata kona. Masika yakija na Jangwani pakafungwa kwa mafuriko, hata hizo hupati, maana akili yote inatafuta njia ya kuzunguka.

Kilichobaki kilikuwa Alfajiri, na hapo ndipo niligundua kwamba muda sikuhitaji kuutafuta, ulikuwepo umeshaamka. Mimi ni Mwislamu, naamka kuswali kila siku, niwe nimelala mapema au sijalala mapema. Udhu umeshachukuliwa, msala umeshatandikwa, nyumba bado imetulia. Baada ya salamu na uradi wangu, nilikuwa nasimama haraka kwenda kuwasha jiko. Sasa sisimami. Nakunja blanketi mara nne, naliweka chini ya makalio ili magoti yasilalamike, nanyoosha mgongo, mikono mapajani. Simu inakuwa imezimwa mtandao na kengele imetegwa. Wiki za mwanzo nilitega dakika tatu, na usizidharau, dakika tatu za kukaa na wewe mwenyewe ni ndefu kuliko foleni ya Ubungo. Zilipoanza kuzoeleka nikaongeza hadi tano, kisha kumi, na hapo kumi nimepaacha. Sina mpango wa kufika ishirini. Ishirini zinaanza kula muda wa uji wa watoto, na siku uji ukichelewa mara mbili, hili jambo litakufa.

Ninachofanya hakina siri. Napumua kwa pua kama kawaida, sivuti kwa nguvu, na naiweka akili pale hewa inapogusa mlangoni mwa pua. Kila pumzi ikitoka naihesabu: moja, mbili, hadi kumi, kisha narudi moja. Nikipotea, narudi moja. Huo ndio mtaala wote. Kwa anayetaka kujua inakuwaje hasa, asubuhi ya leo ilikwenda hivi: moja, mbili, ada ya muhula, tatu, yule mteja wa Lubumbashi hajatuma uthibitisho wa malipo na kontena zake mbili zitaanza kulipa hifadhi Alhamisi, nikimpigia saa mbili atakuwa bado, bora nimwandikie, hapana nimpigie, halafu nikashtuka niko mbali. Moja. Mbili. Pampu ya maji ya jirani. Tatu. Nne. Hivi ile gesi itafika Ijumaa? Moja.

Kumi naifikia kwa nadra, na kuna asubuhi siifikii kabisa. Hapa ndipo wengi wanaacha, nimewaona. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, alijaribu siku chache akaniambia, "Shoga, mimi kichwa changu hakikai, nimeshindwa." Nikamwuliza, hujui kama kimekwenda? Akasema najua, kimekwenda hadi kwa mama mkwe. Basi ukijua kimekwenda, hiyo ndiyo kazi. Hakuna kichwa kinachokaa. Naamini hata wale wazee wa Burma vichwa vyao vilikuwa vinaondoka, nao wanarudi. Tofauti ni kwamba wao walirudi bila kujitukana. Mimi hiyo ya kutojitukana ndiyo iliyonichukua muda kuliko kuhesabu, kwa sababu kwenye kazi yangu kosa lina faini, na nilizoea kujitoza faini hata pasipokuwa na mkaguzi.

Kuhusu kelele, usisubiri ziishe. Kimara saa kumi na moja na nusu kuna jogoo, kuna pampu, kuna mwenye Noah anayepasha injini kana kwamba anarusha ndege. Zikija, nazisikia, narudi kwenye pua. Kitinda mimba wangu akiamka mapema huja akanikalia mapajani bila kuuliza. Simfukuzi. Yeye naye anapumua, tunahesabu wawili, na siku hizo kengele ikilia ndiye anayekimbilia kuizima. Dada wa kazi amejizoesha kuwajibu watoto wakubwa wakiniulizia, "Mama yuko kwenye pumzi," kwa sauti ileile anayosema mama yuko bafuni.

Kuna jambo moja sijaliona likiandikwa na wanaofundisha mambo haya, nadhani kwa sababu wengi wao si wanawake wa Kiislamu. Ushauri wa kila mahali ni kwamba zoea jipya ulifunge kwenye zoea la zamani. Sawa, langu nimelifunga kwenye swala ya Alfajiri. Lakini kila mwezi zinakuja siku ambazo siswali. Hedhi ikiingia, kengele ya Alfajiri inanyamazishwa, usingizi unanoga, na ile kamba uliyofungia zoea lako haipo. Nikiacha siku zile zote, kurudi kunakuwa kama kuanza upya, na kuanza upya mara kumi na mbili kwa mwaka si zoea tena. Kwa hiyo nina kamba ya pili. Siku hizo naamka muda uleule, nabandika maji ya chai, na nakaa kwenye stuli ya jikoni mpaka birika lianze kuimba. Si dakika kumi kamili, jiko ndilo linaloamua. Ramadhani nayo ina utaratibu wake: nakaa baada ya daku, kabla ya adhana, tumbo likiwa limejaa, na nakiri kwamba mwezi huo pumzi inahesabiwa na mtu mwenye kope nzito. Wenzangu wa ofisini walio Wakristo, wenye sala za asubuhi, hawana tatizo hili, na mmoja alipoona nimelisema wazi mezani alipaliwa na chai yake.

Hili la kuruka siku lilikuwa linaninyima raha mpaka nilipokutana na utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010. Waliwafuata watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea la kila siku, kama kunywa maji au kutembea kidogo. Wastani wa zoea kuanza kwenda lenyewe ulikuwa siku 66, lakini watu walitofautiana mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kwa hiyo zile siku 21 tunazoambiwa kwenye semina na kanuni za magrupu ya WhatsApp ziweke pembeni. Na kikubwa zaidi kwangu, waliona kwamba kuruka siku moja hakukuharibu ujenzi wa zoea. Nimeichukua hiyo kama msamaha wa kodi. Siku ya ritani nikiwa nimelala saa saba usiku, nikaamka nikaswali nikarudi kitandani, sidaiwi.

Nije kwenye dini, maana bila kuigusa sijamaliza. Mume wangu aliponikuta mara ya kwanza nimekaa macho nimefumba, aliuliza kama sasa nimekuwa wa Kihindi. Ofisini dada mmoja mlokole, ambaye nampenda na ananipenda, alinivuta pembeni akaniambia ukiiacha akili tupu unayafungulia mlango mapepo. Nilimjibu kwa ukweli wangu wote: dada, akili tupu sijawahi kuipata hata kwa sekunde moja. Huyo pepo akija atakuta ada, gesi na kontena za Lubumbashi, atatafuta mahali pa kukaa akose. Alicheka, lakini bado ananiombea, nami nasema amina.

Mama yangu ndiye aliyenihoji vizuri. Yeye ni mtu wa Pangani, amekulia kwenye zikri, uradi haumpiti. Nilipomweleza kwa simu, alinyamaza kidogo akauliza, "Kwa hiyo huo ni uradi wenye namba, usiokuwa na jina la Mungu?" Nilihitaji siku kadhaa kupata jibu la heshima. Nilimwambia, mama, uradi wangu upo palepale, Subhanallah thelathini na tatu, Alhamdulillah thelathini na tatu, Allahu Akbar nayo, sijapunguza hata punje ya tasbihi. Ule namwambia Mola. Nikimaliza, kwenye pumzi simwambii mtu kitu, namwangalia tu huyu binti yako ana nini leo. Akasema, "Ukimwona mwambie anipigie simu mara nyingi zaidi."

Na kwenye swala yenyewe, niseme. Kabla ya haya nilikuwa mteja mkubwa wa sijda ya kusahau. Natoa takbira nikiwa juu ya msala, rakaa ya pili niko ofisini, rakaa ya tatu sijui ni ya tatu au ya nne. Bado inanitokea, hasa Adhuhuri, lakini siku hizi nashtuka mapema. Nikianza kuondoka katikati ya Alhamdu, kuna kitu kinaniita kabla sijafika mbali, ni kile kitendo kilekile cha kurudi moja ninachokifanya kila asubuhi. Hii ndiyo faida ninayoithamini kuliko zote, na haikuwa kwenye orodha ya daktari.

Faida ya ofisini ni ndogo ila inaonekana. Bosi wangu ana tabia ya kutuma ujumbe wa sauti wa dakika mbili, na sekunde za kwanza tano huwa ni lawama. Zamani nilikuwa najibu kabla haujaisha. Sasa nausikiliza hadi mwisho, na mara nyingi mwishoni kuna swali dogo la kawaida kabisa ambalo lawama ilikuwa imelifunika. Najibu swali, lawama naiacha huko ilikotoka. Sijawa mpole, waulize madereva. Mwezi uliopita mmoja aliniletea risiti ya mafuta iliyofutika tarehe na sauti yangu ilisikika hadi kwa majirani wa ghorofa ya chini. Tofauti ni kwamba nilijua nimeanza kupaza, na nikashuka.

Presha yangu imeshuka. Kabla hujashangilia, nilipunguza chumvi, natembea kutoka kituoni hadi nyumbani, na dawa nameza kila siku. Mchango wa kila kimoja siwezi kuugawa, na mtu akikuambia yeye anaweza, mwombe akuonyeshe jedwali.

Kuna kipindi kukaa kimya kulinikataa. Tulimzika mama mdogo, yeye ndiye aliyenilea nilipokuwa nasoma Tanga mjini, na wiki ile kila nikifumba macho nilikuwa namwona kwenye kitanda cha hospitali. Pumzi ya tatu tu, kifua kinabana, machozi, na siku nzima inaharibika. Nikaacha kukaa. Nilitembea taratibu kwenda kituoni asubuhi, macho wazi, nikihesabu hatua badala ya pumzi, na usiku nilikaa na dada zangu kwenye simu tukimwongelea. Baada ya arobaini nikarudi kwenye blanketi langu. Daktari wangu aliniambia hilo si jambo geni, wapo watu ambao kufumba macho na kutulia kunawaongezea hofu, hasa waliopitia mambo mazito. Kwa hiyo kama wewe umetoka kwenye msiba au tukio la kutisha, usijilazimishe kwa sababu eti mhasibu wa Kimara anakaa. Ongea na mtu kwanza.

Mnaouliza kuhusu programu za simu, zipo na nyingine ni nzuri, lakini nyingi zinalipiwa kwa kadi kwa dola, zinakula bando, na sauti ni ya Kiingereza laini inayokutaka ujione umekaa kando ya ziwa. Mimi kengele ya simu inanitosha. Ukipenda mtu wa kukuelekeza ana kwa ana, pale Upanga kuna hekalu la Wabuddha ambalo Wasinhala, watu wa Sri Lanka, walilianzisha zamani za wakoloni, lina mti wao mtukufu uwanjani. Nilikwenda mara moja siku ya Jumamosi na mume wangu akiwa amenisindikiza kama mlinzi. Mtawa alitukaribisha kwa upole, hakutuuliza dini, alitufundisha jambo lilelile la pua na pumzi, na mume wangu ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko mimi. Bado anasema yeye hafanyi. Ila nimeona siku hizi akirudi kutoka msikitini anakaa kwenye gari dakika kadhaa kabla ya kuzima taa na kushuka, na mimi simuulizi.

Mama alipokuja kutoka Pangani kwa ajili ya kliniki ya macho, alilala chumba kimoja na kapu letu la nguo chafu, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia. Asubuhi ya kwanza baada ya swala aliniona nakunja blanketi, akasema lete na langu. Nikamweleza pua, pumzi, moja hadi kumi, ukipotea rudi moja. Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. Haikupita muda nikasikia anakoroma, wima, tasbihi mkononi. Nilimwacha. Kengele ilipolia akafumbua macho, akajinyoosha, akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Mbona nyepesi hii? Mimi nimefika kumi mara moja tu na sikupotea popote."